Sura ya Sita: Masahihisho Yasiyofika Njombe

Oktoba 2009 jarida la uchumi la Marekani, American Economic Journal: Applied Economics, lilichapisha makala kuhusu watoto wa Tanzania. Waandishi walikuwa watatu: Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero. Walisema kwamba mtoto ambaye mama yake alipata madini joto ya kutosha akiwa mjamzito alisoma zaidi kuliko ndugu yake ambaye mama alimbeba bila kinga hiyo. Tofauti ilikuwa kati ya theluthi moja na nusu ya mwaka wa masomo. Kwa kidonge kisicho na gharama kubwa, hayo ni matokeo ya kumfanya waziri yeyote wa elimu anyanyuke kitini. Abhijit Banerjee na Esther Duflo, ambao baadaye walipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, waliyaweka katika kitabu chao Poor Economics cha mwaka 2011, na kwa njia hiyo yakasomwa dunia nzima.

Wilaya ya Njombe ni moja ya wilaya zilizogawiwa vidonge hivyo. Kichiwa, ambayo leo ni kata katika ukanda wa baridi kati ya Makambako na Njombe mjini, ilikuwa ndani ya wilaya hiyo, na wilaya ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa, kwa kuwa Mkoa wa Njombe ulizaliwa rasmi mwaka 2012. Kwa hiyo watoto wa milima hii, pamoja na wa Makete, Ludewa, Mufindi na kwingineko, ndio waliokuwa hoja ya makala ile.

Mwaka 2020 Wasweden watatu, Niklas Bengtsson, Fredrik Sävje na Stefan Swartling Peterson, walichapisha makala nyingine katika Scandinavian Journal of Economics. Walikuwa wamerudi kwenye mpango uleule wa vidonge, wakarudia hesabu, wakatumia takwimu za watu wengi zaidi. Yale matokeo ya 2009 hawakuyapata tena.

Miaka 11 imepita katikati. Katika miaka hiyo dunia ya wasomi iliamini jambo kuhusu watoto wa Njombe, kisha sehemu ya dunia hiyo ikaanza kulitilia shaka. Njombe yenyewe haikuambiwa walipoliamini, wala haikuambiwa walipolitilia shaka. Maadili ya utafiti, kama tunavyoyafundisha na kuyasimamia, yanamlinda mtu mlangoni anapoingia katika utafiti. Akishatoka, akabaki namba ndani ya jedwali, hakuna anayemkumbuka, hata pale jedwali linapogundulika lina kasoro.

Hadithi ya vidonge inastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu ndani yake hamna mwizi. Wizi tutaufikia.

Mwili hutumia madini joto kutengeneza homoni za tezi ya shingo. Yakipungua, tezi huvimba, na hilo ndilo rovu ambalo wazee wa Nyanda za Juu Kusini walilijua kwa macho kabla hajaja daktari wa kulipima. Mvua za milimani hukamua madini hayo ardhini mwaka baada ya mwaka, na chakula kinachoota hapo kinakuwa na upungufu uleule. Mahindi ya Njombe ni mazuri, lakini samaki wa bahari wako mbali. Madhara makubwa zaidi hayako shingoni. Ubongo wa mtoto tumboni unategemea homoni za mama, hasa katika miezi ya mwanzo, na upungufu mkali huzaa watoto wenye ulemavu wa akili na wa kusikia usioponyeka.

Ndipo Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, TFNC, iliyoundwa mwaka 1973, ilipoanza mwaka 1986 kugawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, kwa msaada wa Sweden. Mpango uliendelea hadi katikati ya miaka ya 1990, wakati chumvi yenye madini joto ilipochukua nafasi yake. Wilaya zilizolengwa zilikuwa na takribani robo ya watu wote wa nchi. Vidonge vilitakiwa kurudiwa kila baada ya miaka miwili. Havikurudiwa hivyo. Magari yalikosekana, shehena zilichelewa, wilaya nyingine zikapata awamu moja na kukaa miaka bila ya pili. Mwaka 1999 Peterson huyohuyo, akiwa na Watanzania kadhaa wakiwemo Vincent Assey wa TFNC na Festo Kavishe aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi hiyo, walichapisha tathmini iliyoonyesha kwamba kwa wastani asilimia 64 ya walengwa ndio waliofikiwa.

Kwa mganga wa wilaya, ucheleweshaji ule ulikuwa aibu. Kwa mchumi ulikuwa bahati. Ukitaka kujua kama kidonge kinasaidia masomo, huwezi kuwalinganisha tu watoto wa Njombe na wa Tanga, kwa maana wanatofautiana kwa mambo mia. Lakini ndani ya nyumba moja, mama mmoja, baba mmoja, mtoto mmoja mimba yake ilitungwa miezi michache baada ya ugawaji na mwingine ilitungwa dawa ilipokuwa imekwisha mwilini. Hapo umepata mlinganisho ambao haukupangwa na mtu. Field na wenzake waliona nafasi hiyo, wakachukua takwimu za Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa mwaka 2000, wakawatazama watoto wa miaka 10 hadi 13, wakakadiria kwa kila mmoja uwezekano kwamba alikuwa na kinga tumboni. Ni kazi ya akili kubwa, na nasema hivyo bila kejeli.

Tatizo ni kwamba makadirio hayo yalisimama juu ya vitu viwili dhaifu. Kimoja ni muda ambao dawa inakaa mwilini, ambao haujulikani kwa uhakika na hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kingine ni umri wa mtoto, na anayejua vijijini anajua umri unavyotajwa kwa mdodosaji: huyu ana kumi, yule kama kumi na mbili hivi, alizaliwa mwaka wa mvua nyingi. Ukikosea mwaka mmoja, mtoto aliyekuwa na kinga anahamia upande wa wasio na kinga. Kasoro za namna hiyo zinaweza kuficha ukweli, na pia zinaweza kuzua kitu kisichokuwepo. Wasweden walipoongeza idadi ya watoto na kugeuza makadirio, ile nusu ya mwaka ikayeyuka.

Makala ya 2009 haikufutwa, na kwa maoni yangu haikustahili kufutwa. Aliyekadiria kwa nia njema na kuonyesha jinsi alivyokadiria hana kosa la maadili, hata matokeo yake yakianguka. Naomba msomaji aishike tofauti hiyo kwa sababu katika vyuo vyetu inapotea kila siku. Mwanafunzi anaogopa kusema sampuli yake ilikuwa ndogo, mhadhiri anaona haya kuandika kwamba nadharia yake haikuthibitika, na wote wawili wanaishia kufanya kosa la kweli ili kukwepa aibu ya kosa lisilo kosa. Wala tusisahau kwamba madini joto bado ni ya lazima kwa mama mjamzito. Swali lililobaki wazi linahusu miaka ya shule. Kuhusu ubongo wa mtoto hakuna ubishi, na chumvi ya Makambako iendelee kuwa na madini hayo.

Makosa ya kweli ni matatu, na wasimamizi wa taaluma duniani kote wanakubaliana juu yake: kutunga takwimu ambazo hazikukusanywa, kuchakachua zilizokusanywa, na kuiba maandishi au mawazo ya mwingine. Afrika Mashariki ina mifano ya yote. Ila mifano yetu mikubwa zaidi inanishughulisha kwa jambo jingine, nalo ni haraka ya kutangaza.

Julai 1990 Rais Daniel arap Moi aliwazindulia Wakenya KEMRON, dawa iliyosemwa kuwa inawaondolea wagonjwa wa UKIMWI dalili zao, na hata kuwageuza baadhi yao wasionekane tena kuwa na virusi. Msingi wake ulikuwa kazi ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, chini ya Dkt. Davy Koech, iliyochapishwa mwaka huohuo kuhusu wagonjwa 40, bila kundi la kulinganisha nao. Arobaini, bila wa kulinganisha nao, katika ugonjwa ambao dalili zake hupanda na kushuka zenyewe. Jarida makini lingeweza kuichapisha kazi hiyo kama fununu ya kufuatiliwa. Badala yake ikawa fahari ya taifa, watu wakasafiri kutoka mbali kuja Nairobi kuitafuta, na kuihoji kukawa sawa na kuihoji Kenya. Iliwachukua Waganda kuimaliza habari: Elly Katabira na wenzake walifanya jaribio lenye kundi la kulinganisha, wagonjwa zaidi ya 500, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2000 yakaonyesha kwamba dawa haikuwa na faida. Kati ya sherehe na jibu kulikuwa na miaka kumi. Waliokufa wakiisubiri dawa ile hawakuhesabiwa na jarida lolote.

Tanzania nayo ilipata yake. Virodene, dawa nyingine iliyodaiwa kutibu UKIMWI na iliyotokana na kiyeyusho cha viwandani kiitwacho dimethylformamide, ilikuwa imepelekwa mbele ya baraza la mawaziri la Afrika Kusini mwaka 1997 na kukataliwa na wadhibiti wa dawa wa huko. Waliokuwa nyuma yake wakaja Dar es Salaam. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ilikataa. Jaribio likafanyika hata hivyo, hospitali ya jeshi ya Lugalo ikiwa mojawapo ya mahali lilipofanyika, hadi Serikali ilipolisimamisha mwaka 2001. Mlango wa mbele ulikuwa na mlinzi na alifanya kazi yake. Walipita mlango mwingine.

Sasa, makala yenye kasoro inashughulikiwaje? Mwaka 1997 kikundi kidogo cha wahariri wa majarida ya tiba Uingereza kiliunda kamati ya maadili ya uchapishaji, COPE, na utaratibu wake ndio unaofuatwa leo na maelfu ya majarida. Mhariri akipata malalamiko anamwandikia mwandishi na kumtaka maelezo na takwimu ghafi. Akiridhika, anafunga jalada au anachapisha masahihisho. Asiporidhika, anaiandikia taasisi ya mwandishi, kwa sababu jarida halina polisi wala mamlaka ya kupekua kabati la mtu. Taasisi inachunguza. Wakati huo mhariri anaweza kuweka tahadhari juu ya makala, na mwisho, ikithibitika haiaminiki, makala inafutwa, yaani inabaki pale ilipo ikiwa na alama kwamba isitumike. Haiondolewi. Historia ya kosa inatunzwa.

Sehemu dhaifu ya mnyororo huo iko kwenye taasisi ya mwandishi. Chuo kinaombwa kumchunguza profesa wake mwenyewe, mwenye ruzuku inayolipa mishahara, na kiongozi wa uchunguzi huenda ni rafiki yake wa miaka thelathini. Ndiyo maana mambo huchukua muda. Makala ya Andrew Wakefield iliyohusisha chanjo ya surua na usonji, kwa watoto 12 tu, ilichapishwa katika The Lancet Februari 1998 na kufutwa Februari 2010. Miaka 12, na hofu ya chanjo ikazunguka dunia nzima.

Jarida hilohilo liliweza kufuta kwa siku 13. Tarehe 22 Mei 2020 lilichapisha makala iliyodai kuchambua wagonjwa 96,032 wa UVIKO-19 kutoka hospitali 671 za mabara sita, takwimu zikitoka kampuni moja ya Marekani iitwayo Surgisphere. Shirika la Afya Duniani likasimamisha sehemu ya majaribio yake kwa sababu ya makala hiyo. Ndani ya wiki moja zaidi ya wanasayansi mia moja wakaandika barua ya wazi, na mojawapo ya hoja zao ilihusu sisi. Takwimu za Afrika katika makala ile zingekuwa za kweli, waliandika, basi karibu robo ya wagonjwa wote wa bara hili na asilimia 40 ya vifo vyote vingekuwa vimetokea katika hospitali zenye kumbukumbu za kisasa za kielektroniki zilizounganishwa na kampuni hiyo. Muuguzi yeyote wa Makambako anayeandika wagonjwa kwenye daftari la kaunta angeweza kuwaambia wahariri wa London kwamba hilo haliwezekani. Hakuulizwa. Juni 4 makala ikafutwa.

Nimeutaja mfano huo kwa sababu unaonyesha ni nani angeweza kuwa mlinzi bora wa takwimu. Tunawaza kwamba uhakiki hufanywa na wataalamu wawili watatu walio mbali, wasiotajwa majina, wanaosoma rasimu usiku. Wataalamu hao hawajawahi kuliona dodoso likijazwa. Anayejua kama namba ina maana ni yule aliye karibu nayo.

Na yule aliye karibu nayo ndiye pia anayeweza kuichafua. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi za ukusanyaji wa takwimu vijijini amesikia habari za madodoso yaliyojazwa chini ya mti. Mdodosaji amepewa kaya kadhaa kwa siku, posho ni ya siku, kaya ya mwisho iko ng'ambo ya bonde na mvua imeanza. Anakaa, anajaza. Vishikwambi vyenye kurekodi mahali na muda vimepunguza mchezo huo, na wasimamizi makini huzirudia baadhi ya kaya kimyakimya. Lakini tuwe wakweli kuhusu haki. Mdodosaji akikamatwa anafukuzwa siku hiyohiyo, bila kamati wala barua ya wazi, na pengine ni sawa. Profesa akikamatwa huundwa tume. Tena yule mdodosaji mwaminifu, aliyevuka bonde, jina lake halimo popote katika makala. Makala ya 2009 ina waandishi watatu, hakuna Mtanzania. Ile ya 2020 iliyoisahihisha ina watatu, hakuna Mtanzania. Mpango ulikuwa wa TFNC, takwimu ziliokotwa na Watanzania, watoto ni wa hapa, na mjadala mzima kuhusu ukweli wa mambo hayo ukafanyika kati ya Marekani na Sweden. Hakuna sheria iliyovunjwa. Hilo ndilo linalonisumbua.

Yapo masoko mengine ya uongo ambayo yamejengwa kwa mikono ya vijana wetu, na hapa nitapita haraka kwa kuwa sura nyingine inayahusu. Nairobi kuna vijana wengi wenye digrii wanaowaandikia insha na hata tasnifu wanafunzi wa Uingereza na Marekani kwa malipo. Patricia Kingori, profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, amewachunguza, na filamu ya The Shadow Scholars ya mwaka 2024 inawaonyesha. Uingereza ilipiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya mwaka 2022. Anayelaaniwa zaidi ni mwandishi wa Nairobi. Anayepewa shahada ni mteja. Yapo pia majarida ya kitapeli yanayochapisha chochote kwa ada, bila kusoma, na wateja wake wakubwa ni wahadhiri wanaotafuta kupanda cheo. Serikali ya Tanzania ilipohakiki vyeti vya watumishi mwaka 2017, watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi, na wengi walipoteza kazi. Uhakiki huo ulitazama vyeti vya sekondari na ualimu. Tasnifu za uzamivu hazikuguswa.

Twende kwenye cheti kingine, kile cha kibali ambacho NIMR humpa mtafiti wa afya. Kina masharti manne. Taarifa ya maendeleo iwasilishwe kila baada ya miezi sita kwa Wizara ya Afya, NIMR, na Waganga Wakuu wa Mkoa na Wilaya. Kibali cha kuchapisha matokeo kipatikane kutoka NIMR. Nakala za machapisho zipelekwe wizarani na NIMR. Na atakayekiuka atatozwa faini kwa mujibu wa Sheria ya NIMR namba 23 ya mwaka 1979. Mtafiti wa kigeni anahitaji pia kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Kisha barua inaanza kushuka: kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wa Wilaya, kwa Mkurugenzi, kwa Mtendaji wa Kata, kwa Mtendaji wa Kijiji, ikikusanya mihuri njiani. Mtafiti anayefika Kichiwa amepita mikono mingi, na kila mkono ulitaka kujua anakwenda kufanya nini.

Njia ya kurudi haina mihuri. Soma tena masharti yale: taarifa inaishia kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Mwenyekiti wa kijiji aliyewaita watu, na mama aliyekubali damu yake itolewe, hawamo. Mkoa wa Njombe una kila sababu ya kulijali hili. Katika utafiti wa kitaifa wa 2011/12 ndio uliokuwa na kiwango cha juu zaidi cha maambukizi ya VVU nchini, asilimia 14.8 ya watu wazima; utafiti wa 2016/17 ulipata asilimia 11.4, na ule wa 2022/23 asilimia 12.7. Namba kama hizo huwavuta watafiti, na wataendelea kuja. Fomu ya ridhaa wanayosainisha watu ina namba ya simu ya kamati ya maadili. Namba hiyo ni ya kulalamikia. Ya kuulizia matokeo haipo.

Wala si kwamba kanuni haijaandikwa popote. Azimio la Helsinki la Chama cha Madaktari Duniani, ambalo kamati zetu zote hulitaja, katika toleo la mwaka 2013 kifungu cha 26 linasema washiriki wote wapewe nafasi ya kujulishwa matokeo ya jumla ya utafiti. Tumelikubali kwa moyo mweupe, tukasahau kulitengenezea njia.

Kuna atakayeniambia kwamba sharti la pili, la kuomba kibali kabla ya kuchapisha, linatosha kulinda ukweli. Kwangu sharti hilo lina pande mbili. Linaweza kuzuia kashfa kama ya KEMRON, matokeo mabichi kupelekwa jukwaani. Linaweza pia kuzuia ukweli usiopendeza, na kila mtafiti wa nchi hii anakumbuka Desemba 2016. Dkt. Mwele Malecela, Mkurugenzi Mkuu wa NIMR, alieleza matokeo ya utafiti wa virusi vya Zika: kati ya sampuli 533 za damu, 83 zilionyesha dalili za maambukizi, sawa na asilimia 15.6. Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, akatangaza kwamba Tanzania haina mlipuko wa Zika. Mara baada ya hapo Rais Magufuli akatengua uteuzi wa Dkt. Malecela. Mtu angeweza kabisa kuwa na maswali ya kitaalamu kuhusu vipimo vile, kwa kuwa kinga ya Zika mwilini huchanganyika na ya magonjwa ya jamii yake, na mlipuko ni jambo tofauti na alama za maambukizi ya zamani. Maswali hayo yana mahali pake: mbele ya wataalamu wenzake, kwa takwimu. Yalijibiwa kwa barua ya utenguzi. Dkt. Malecela alikwenda Shirika la Afya Duniani, akaongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele, na akafariki Geneva Februari 2022.

Naona uhusiano wa moja kwa moja kati ya tukio lile na uoga nilioutaja wa kukiri kosa. Mahali ambapo matokeo sahihi yanaweza kumgharimu mtu kazi, nani atajitokeza kusema matokeo yake ya mwaka juzi hayakuwa sahihi? Masahihisho yanahitaji watu wasioadhibiwa kwa kusahihisha. Bengtsson na wenzake waliichapisha makala yao, wakaendelea na kazi zao, na Field naye akaendelea na zake. Hakuna aliyetenguliwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa NIMR na COSTECH: ongezeni sharti la tano. Mtafiti awasilishe muhtasari wa matokeo kwa Kiswahili, kurasa mbili zinatosha, kwa serikali ya kila kijiji alichofanyia kazi, na makala ikisahihishwa au kufutwa baadaye, taarifa hiyo nayo ifuate njia ileile. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo mahali pa kusomea papo. Na kwa wewe mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, wa Kichiwa au wa kwingineko, ambaye kesho utaletewa barua yenye mihuri: kabla hujagonga wa kwako, mwombe mtafiti aandike chini ya barua hiyo mwezi atakaorudi na majibu, na namba ya simu atakayopatikana. Uitunze nakala. Mwezi huo ukifika, mpigie.